Mkulajembe Katika Malisho ya Mama

Mpaka leo, nikiona watu wanafyeka pori kwa panga, tena wakiwa wanaimba, napandwa na hasira. Siwezi kujizuia. Juzijuzi nilipita kule kulikokuwa kijijini kwetu, mbele ya Mbagala, ambako siku hizi ni nyumba tupu na watu wanaofyatua matofali, nikakuta vijana wanasafisha kiwanja cha tajiri mmoja. Wanakata vichaka vya miiba usawa wa magoti, fyeka, fyeka, redio inalia pembeni. Nikasimama nikawaambia, "Nyie wanangu, mnajisumbua, hiyo itarudi." Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo bibi. Sie tumeambiwa tufyeke tu." Nikamwitikia marahaba nikaondoka zangu, maana alishanikumbusha baba yangu, na siku ile sikutaka kumkumbuka.

Mti wenyewe unaitwa mkulajembe. Asiyeujua nimweleze. Ni kichaka cha miiba mirefu, migumu, chenye vijani vidogovidogo, na maua yake yananing'inia nusu zambarau nusu njano, ukiyaona utasema ni mapambo ya harusi. Usidanganyike. Matunda yake ni maganda yaliyojisokota. Ng'ombe wanayapenda mno, wanayala, wanakunya mbegu kila walikopita, na mbegu zinaota. Lakini ubaya wake hasa uko chini ya ardhi. Ukikata shina moja kwa juu, mizizi inachipua mashina mengi kulizunguka, na mengine yanaibukia mbali kabisa, mahali ambapo hukutegemea. Ukiyakata na hayo, yanazidi. Malisho yanafunga, nyasi zinakosa jua, ng'ombe hapiti. Hii haikuwa siri. Wenyeji wa pale walijua, sie wa bara tulijua, na baba yangu, aliyezaliwa na kukulia zizini huko Ugogo, alijua kuliko wote. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaopenda kuniambia kwamba watu wa zamani walikosea kwa kukosa elimu. Hatukukosa chochote. Tulijua vizuri sana.

Baba alikuwa kuli bandarini. Tulipanga chumba kimoja Temeke, sie na mikeka yetu na sufuria zetu, na ugomvi wa majirani tunausikia ukutani. Ujamaa ulipokuja, baba aliupokea kwa mikono miwili. Simcheki kwa hilo. Mtu aliyebebeshwa magunia na kuitwa "wewe" tangu ujana wake, akiitwa "ndugu" mbele za watu atakufuata popote. Akitoka kazini anapitia mikutanoni, anarudi sauti imemkauka, na bado anatuhutubia juu ya sahani ya ugali. Siku moja akatangaza kwamba tunahamia kijiji cha ujamaa, kulima na wenzetu. Mama hakuulizwa. Aliambiwa siku ya kufunga mizigo imeshapangwa.

Ila mama hakununa, na sababu ilikuwa moja tu, majani. Mama alikuwa na ng'ombe wake. Nasema wake, si wa baba. Mwaka tulipomzika mdogo wangu, bibi, mama yake mama, alimpa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ili binti yake apate kitu cha kuangalia badala ya kuangalia ukuta. Mjomba akamleta kwa behewa la mizigo mpaka Dar es Salaam. Mtamba akaugua homa ya kupe, akaponea chupuchupu. Mama akampatia mahali pa kumfunga nyuma ya nyumba ya watu huko Yombo, akawa anakwenda kila siku kwa miguu na gunia la maganda ya ndizi na mabua ya mahindi kichwani. Kwa hiyo aliposikia kijijini kuna malisho, alikuwa wa kwanza kubeba mzigo.

Na malisho yalikuwepo. Kijiji kilikuwa na bonde chini, lenye majani kiangazi na masika, na kilima juu karibu na barabara. Bondeni walilisha ng'ombe wa kijiji, waliokaa kwenye zizi la pamoja. Wenye ng'ombe wao binafsi, nao walikuwa wachache, waliachiwa kilima. Mama hakulalamika. Kilima kilikuwa wazi, nyasi zinafika magotini, na mikulajembe iliyokuwepo ilikuwa mifupi, imechoka, kwa sababu karibu kila nyumba ilifuga mbuzi. Mbuzi hawana mchezo na machipukizi. Kila jani laini linalotokeza wanalikwanyua, mpaka mzizi wenyewe unachoka. Ng'ombe wa mama alinenepa, ngozi ikang'aa. Akapandwa na dume la kijiji, akashika mimba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, msichana mkubwa, na nakumbuka mama akiimba huku anateka maji, jambo ambalo Temeke sikuwahi kulisikia.

Basi wakamchagua baba balozi wa nyumba kumi.

Jamani, mtu anaweza kuharibika kwa filimbi? Mie nimeona. Walimpa filimbi ya bati yenye kamba, ya kuitia watu kazini, na tangu siku ile hakuivua shingoni hata akienda kuoga. Kichwa kilimvimba. Laiti angekuwa mwizi, ningemwelewa. Wizi una faida, mwizi anarudi nyumbani na kitu. Baba yangu hakuiba hata punje ya mtama. Alichotaka yeye ni siku wageni wakija, mwenyekiti wa kijiji amwelekeze kwa mkono na kusema, huyu ndiye balozi wetu hodari. Hicho tu. Na kwa hicho tu angeuza hata paa la nyumba yake.

Akaanza na mbuzi. Mbuzi walikuwa wameingia shamba la pamoja wakala miche ya mikorosho, na kweli waliila, siwatetei. Wenzake wakasema wafungwe kamba mchana. Baba akasimama akasema kamba haitoshi, mbuzi ni mnyama wa kibepari, anakula cha wote peke yake. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na azimio likapita kwamba mbuzi wote wauzwe. Sisi tulikuwa wa kwanza, ili iwe mfano. Jioni ile mama alimwuliza, "Baba watoto, na mkulajembe utaliwa na nani?" Baba akamjibu, "Utafyekwa. Hapa kuna watu, hapa si porini."

Ukafyekwa kweli. Kulikuwa na wageni wanakuja kutoka wilayani, na kijiji kilitakiwa kipendeze kando ya barabara. Kila balozi akapewa kipande chake cha kilima. Baba akapuliza filimbi alfajiri, watu wake wakajipanga mstari mmoja na mapanga, wakaanza kukata huku wakiimba. Jirani yetu alikuwepo, mama mmoja wa Kizaramo, mcheshi, mwenye mdomo usiofungwa kwa kufuli. Akauliza kwa sauti, "Ndugu Balozi, na mizizi je? Au tunainyoa tu ndevu?" Mstari mzima ukaangua kicheko. Baba hakucheka. Alisema wageni hawaji kutazama mizizi. Wakaendelea kukata, mama yangu naye akakata, mie nikakata, na kufika jioni kilima kilikuwa kimenyooka, kimejaa visiki vilivyochongoka. Wageni walipita na gari wakapunga mikono.

Masika yakaja. Sihitaji kueleza, mtu yeyote pale angeweza kueleza mapema. Kila kisiki kilitoa kichaka. Na mbuzi hawapo. Kufika mwisho wa mvua, huwezi kupita kilimani bila kuchanika nguo, na nyasi zimefunikwa zimepauka. Ng'ombe wa mama alirudi siku moja jicho limevimba, mwiba umemkwaruza, mama akalisafisha kwa maji ya chumvi wiki nzima. Baada ya hapo alimfunga nyuma ya nyumba, akawa anakwenda mbali kukata majani na kurudi na mzigo kichwani. Yaani tumetoka Temeke, tumekuja mpaka huku, na mama yuko palepale, amebeba chakula cha ng'ombe kichwani. Mbavu za ng'ombe zikaanza kuhesabika, na mimba inakua.

Hapo baba akaona mwanya wake. Alikuwa ameshasemwa mikutanoni kwamba ni balozi gani huyu, mke wake ana ng'ombe wa peke yake. Neno lililotumika lilikuwa mnyonyaji. Mama yangu, aliyekuwa anavaa kanga moja mpaka inachanika, mnyonyaji! Basi baba akamwambia, tena kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi, "Mama watoto, huyu mnyama unamtesa. Mpeleke zizi la kijiji, bondeni kuna majani." Mama akasema hapana. Wakavutana siku kadhaa. Mwishoni baba akatoa hukumu: ng'ombe akifika kuzaa na mama hana malisho ya kumlisha, ataingia zizini na ndama wake, na maneno yatakuwa yamekwisha. Mama akasema sawa. Kesho yake akachukua jembe na shoka akapanda kilimani.

Nitaeleza kazi ile ilivyokuwa, maana niliifanya kwa mikono yangu hii na makovu ninayo. Unachagua kisiki. Unachimba kukizunguka, unatoa udongo mpaka unaiona mizizi ya pembeni, inatambaa kama kamba. Unaufuata mzizi mmoja mmoja na jembe, unaukata kwa shoka mbali na shina, unauvuta. Huo wa katikati, unaokwenda chini moja kwa moja, hauvutiki hata mje wanaume. Hapo ndipo unaleta mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Unayarundika ndani ya shimo kuzunguka kisiki, unatia kaa la moto, unafunika na udongo na kuacha tundu dogo la hewa. Hayawaki. Yanafuka polepole, mchana na usiku, moto unashuka taratibu unakula mzizi ndani ya ardhi. Siku ukirudi unakuta shimo na majivu, na mahali pale mkulajembe hauoti tena. Ndivyo wanavyofanya kwao Ugogo wakifungua malisho. Baba alifundishwa na baba yake.

Kisiki kimoja kinakula asubuhi yako nzima. Na visiki vilikuwa vingi kiasi kwamba siku ya kwanza nilikaa chini nikalia. Mama akaniambia, "Lia ukimaliza ushike jembe." Hakuchimba kilima chote, alichagua kipande kimoja, sehemu ya tambarare karibu na barabara, ya kutosha ng'ombe mmoja na ndama. Tulikwenda kila siku baada ya kazi ya shamba la pamoja, ile haikusamehewa. Jioni kipande chetu kinafuka moshi hapa na pale, na harufu ya mavi yanayoungua inashuka mpaka kijijini. Watu walitutania sana. Jirani yetu alipita akashika kiuno, "Khaa! Shoga, unamfukizia nani ubani huku? Mizimu ya Ugogo imehamia kwetu?" Mama akacheka, moja ya mara chache nilizomwona akicheka kilimani. "Nawafukizia wakwe zako," akamjibu. Na yule jirani, kwa mdomo wake wote ule, siku mbili tatu alikuja na jembe lake akachimba na sisi bila kuombwa.

Baba hakuja. Alipita barabarani na filimbi yake, anaangalia mbele.

Mvua za vuli zilikuta kipande kimefunguka. Ukoka ukatambaa, mashimo yakafunikwa, na ndani ya muda mfupi palikuwa kijani peke yake katikati ya miiba. Mama akamleta ng'ombe wake kwa kamba. Nakumbuka alivyoinamisha kichwa akaanza kula, hakukinyanyua mpaka jua likawa kali. Mama alisimama pembeni anasikiliza sauti ya kukwanyua majani, kwrup, kwrup, akaniambia, "Sikia." Ng'ombe alizaa palepale, jike, mwekundu kama mama yake, asiye na baka. Tukawa na maziwa. Jirani anapata kibuyu chake, mtoto wa nyumba ya tatu aliyekuwa anaumwa anapata kikombe kila asubuhi, na baba anapata chai ya maziwa, anakunywa. Mama alikuwa ameshinda. Wote tuliliona hilo, na yeye baba aliliona kuliko sisi.

Halafu ikaja habari kwamba anakuja mkubwa kutoka mkoani. Huyu si wa kupita na gari. Huyu atashuka, atakagua gwaride la mgambo, atahutubia. Ukaitishwa mkutano wa kijiji mbele ya ofisi. Wanawake tulikaa chini upande wetu na kanga zetu, wanaume upande wao. Mwenyekiti akasema shida ni moja, uwanja. Bondeni kuna tope, kilimani kuna miiba, na siku zilizobaki hazitoshi. Watu wanatazama chini, mwingine anachora mchanga kwa kijiti. Baba akasimama, akashika filimbi yake, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, uwanja upo. Upo karibu na barabara, tambarare, umeshasafishwa. Balozi wenu ameushughulikia."

Ameushughulikia! Lo! Nilitamani kumrukia. Watu wakageuka kumtazama mama, maana nani asiyejua ni mikono ya nani iliyochimba pale? Moshi wake waliunusa majumbani mwao. Jirani yetu akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mwanamume ana haya kweli?" Lakini alisema kwa chini. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akanyoosha mkono. Akasimama, akafunga kanga vizuri kiunoni. Mkutanoni hakuruhusiwa kumwita baba watoto, alitakiwa amwite kama wote. Akasema, "Ndugu Balozi, pale pana ng'ombe anayenyonyesha." Basi. Baba akajibu bila kumtazama, "Ng'ombe wana zizi la kijiji. Ardhi ni ya wote, ndugu." Makofi yakapigwa. Na waliopiga walikuwa haohao waliokunywa yale maziwa. Nimeishi na watu wengi baada ya pale, na nikiingia mahali watu wanapiga makofi kwa pamoja, mimi naangalia mikono yangu.

Mkubwa alikuja. Walijenga kibanda cha makuti kwenye malisho ya mama, wakachimbia mlingoti wa bendera. Mgambo walikanyaga mguu sawa mpaka ukoka ukabanduka. Akahutubia, akala, akaondoka jua halijapinda. Mwenyekiti alimwonyesha baba kwa mkono, nilishuhudia, na mkubwa akatikisa kichwa kukubali na kugeukia mambo mengine. Ilikuwa fupi kiasi hicho.

Ng'ombe na ndama waliingia zizini asubuhi ya gwaride. Hawakutoka tena, maana kile kipande sasa kiliitwa uwanja wa kijiji na kuchunga juu yake ni kosa. Zizini kulikuwa na wengi wa kumkamua na hakuna wa kumwangalia. Mama alikwenda kila siku akasimama nje ya boma, anamwita, na ng'ombe anakuja mpaka kwenye miti ya boma na kumnusa mkono. Kiangazi kile maziwa yakakauka, homa ya kupe ikamrudia, akafa. Tuliambiwa na mchungaji wa zamu, baba hakutwambia. Ndama alichinjwa siku ya sikukuu pamoja na wengine. Baba akaleta fungu letu la nyama limefungwa kwenye jani la mgomba. Mama akalipika vizuri, na vitunguu, na chumvi kama kawaida, akampakulia. Yeye mwenyewe alikunywa uji.

Na uwanja? Hakuna aliyeutumia tena. Mgambo waliendelea kufanya mazoezi mbele ya ofisi, kwenye kivuli. Ng'ombe hachungi, mbuzi hakuna, jembe halipiti. Mbegu alizokunya ng'ombe wa watu zilikuwepo, mizizi ya majirani ilitambaa kutoka pembeni, na baada ya mvua chache mkulajembe ulisimama pale tena, mlingoti wa bendera katikati yake umeinama. Nilipokuwa nikipita barabarani na mama, hakugeuza shingo kupatazama.

Ndipo ikaja habari ya mkubwa mwingine.

Safari hii baba alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda chake muda mrefu, anachezea kamba ya filimbi. Mama alikuwa anapepeta mtama. Baba akasema, "Mama watoto, kile kiwanja. Wewe ndiye unayeijua ile kazi. Muda upo safari hii, upo wa kutosha kabisa. Nitakupa watu, wewe uwaongoze." Sijawahi kumsikia akimwomba mama kitu, si kabla wala baada. Aliongea taratibu, na nadhani ndani ya moyo wake alikuwa anaomba na msamaha humohumo, kwa njia ya mkato, bila kulitamka neno. Mie nilikuwa mlangoni. Nilingoja mama amrushie ungo usoni. Mama akasema, "Sawa, Ndugu Balozi."

Nyumbani, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akamwita Ndugu Balozi. Baba akafurahi.

Mama akawakusanya wanawake asubuhi iliyofuata. Walikuja na majembe na mashoka, jirani yetu akaja na kikapu cha mavi makavu kichwani, maana naye alishakuwa fundi. Mama akawaambia waweke chini. Akasema chukueni mapanga. Akaingia wa kwanza, akainama, akakata shina la kwanza kidogo juu ya kifundo cha mguu, fyeka, akasogea, fyeka. Jirani akasimama na kikapu chake, "Shoga, na mizizi je?" Mama hakuacha kukata. "Mizizi watakuja kuihutubia wenyewe." Jirani akamtazama, halafu akacheka kicheko cha ajabu, akatua kikapu, akachukua panga. Hakuna aliyeuliza tena. Wote walijua wanachokifanya. Mama akaanzisha wimbo, ule ule wa siku ya baba na mstari wake, na sisi tukamwitikia, na kufika kesho yake mchana kiwanja kilikuwa kimenyooka, kinapendeza kwa mbali.

Mkubwa alikuja, akahutubia, akaondoka. Mkutano uliofuata baba alisimama mbele ya kijiji kizima akamsifu mama yangu. Alisema kazi iliyotegemewa kuchukua mwezi imekwisha kwa siku mbili, kwamba huu ndio moyo wa kujitolea, kwamba wanawake wote waige mfano wake. Akamwita asimame. Mama akasimama, akafunga kanga yake kiunoni, na watu wakampigia makofi. Ndiyo mara pekee nilipomsikia baba akimsifu mama mbele za watu, au popote pale. Niliwatazama wote wawili, yeye anatabasamu, mama ametulia tu, na nilijisikia vibaya kuliko siku ya mkutano ule wa kwanza.

Masika yalipokwisha kiwanja kilikuwa kimefunga kabisa, hata mlingoti hauonekani. Baba alikwenda kukitazama peke yake. Akarudi na mkono wa shati umechanika kwa miiba, akasimama uani mbele ya mama, filimbi ikiwa imemning'inia.

"Mama watoto, mbona hukung'oa?"

Mama alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Aliokota moja, akalitupa pembeni.

"Nilishang'oa," akasema, akaendelea kuchagua.